Fahamu: Vimo vya Nukta za Njia Ndege Zishukapo Karibu na Kisarawe
Mkazi wa Kibaha au Kisarawe aonapo ndege ikishuka kuelekea Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere, na ajue kwamba mteremko ule, ijapokuwa hauonekani kwa jicho, umekwisha kuhesabiwa na kompyuta ya safari, aghalabu kinyumenyume kutoka njia ya kutua hadi angani, nukta kwa nukta, kila nukta na sharti lake: ama kimo kamili, ama si chini yake, ama si juu yake.

Sharti la pili ndilo lenye dhamana kubwa, hususa upande wa magharibi, ambako vilima vya Pugu na Kisarawe vimeinuka, ilhali kiwanja kiko kadiri ya mita 55 tu juu ya bahari. Kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, ndege hushuka futi 318 hivi kwa kila maili ya baharini. Basi ikisalia maili 5, yapasa iwe karibu futi 1,600 juu ya njia ya kutua.

Lakini iongozapo kwa mgandamizo wa hewa, kompyuta huamini ilichoambiwa: rubani akikosea kuingiza kipimo cha mgandamizo kwa hektopaskali 10, mteremko mzima huhama takriban futi 300, na kioo cha vipimo mbele yake hakitaonyesha dosari yoyote. Ndiyo maana naona kwamba kurudia kipimo hicho kwa sauti kwa mwongozaji wa ndege aliye ardhini, na kulinganisha kila kimo na ramani kabla ya kushuka, ni faradhi.