Je, Wajua? Fedha za Copenhagen Zimepangwa Matai

Je, wajua kuwa fedha za Denmark na Uswisi zimepitia meza za mipango Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo? Tangu 1999, wahisani, zikiwemo nchi hizo, wamechangia Mfuko wa Pamoja wa Afya, nayo Serikali ya Tanzania huugawa kwa halmashauri. Kanuni ya awali ya mgawo haikutazama idadi ya watu pekee. Ilipima pia umaskini, vifo vya watoto na umbali wa njia za magari ya huduma za afya. Huko Ufipa, iliko Kalambo, umbali si jambo dogo! Lakini bila Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, fedha hazitoki. Kuanzia 2017/18, mgawo wa zahanati huingia moja kwa moja kwenye akaunti yake, na kamati yenye wanakijiji hushiriki kuupangia matumizi.