Nyumba ya Sultani wa Kilwa

Zamani wazee wa hapa Mbulu walichimba ubavu wa kilima, wakajenga humo nyumba fupi yenye paa la udongo, ili adui apitaye juu asiitambue. Nyumba nitakayowaeleza ilijengwa kwa nia nyingine kabisa: mwenyewe alitaka kila chombo baharini kiione.

Yaitwa Husuni Kubwa. Iko Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini ya Tanzania, juu ya genge la bahari, nje kidogo ya mji wa kale. Aliyeijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Mafundi walikata mawe ya matumbawe, wakayaunganisha kwa chokaa. Vyumba vyake vyapita 100. Kaskazini palikuwa na maskani ya sultani na birika la kuogea lenye pembe nane. Kusini palikuwa na ua mpana uliozungukwa na vyumba, ambavyo yadhaniwa vilikuwa ghala za bidhaa. Maana utajiri wa nyumba hii ulitokana na pembe za ndovu, na dhahabu iliyoshuka kutoka bara mpaka Sofala. Sarafu moja yenye jina la sultani huyu imepatikana mbali sana, huko Great Zimbabwe.

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier. Akakuta sultani apewa jina la Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Asimulia kwamba Ijumaa moja, baada ya sala, fakiri mmoja wa Yemeni alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akarudi, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa kumi wengine, na mizigo miwili ya pembe.

Wengi wasomapo habari hii hustaajabia ukarimu. Mimi huwafikiria wale watu 20 waliotolewa kwa ajili ya nguo za mtu mmoja. Ibn Battuta hakumtaja hata mmoja wao kwa jina. Lakini aandika kwamba sultani alizoea kwenda vitani bara na kuteka nyara, basi yamkini walitoka huko, nao walikuwa na mama zao kama ninyi.

Sultani alipokufa alitawala nduguye Dawud, ambaye hakuwa na mkono wa kutoa. Mwombaji akija, humjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Nyumba nayo haikumalizika kujengwa, na baada ya muda si mrefu ikaachwa, miti ikaota ndani. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Neville Chittick aliyachimbua magofu yake, na humo likapatikana jiwe lililochorwa jina la al-Hasan bin Sulaiman.