Mayai Kumi na Mawili na Daftari la Binti Yetu

Kuku atamiapo huonekana kana kwamba hana kazi ila kukaa. Mwenye kumchungulia kwa subira atamwona akiyageuza mayai kwa mdomo wake, mchana na usiku. Binti yetu wa miaka 13 alituuliza: asipoyageuza, yatadhurika nini?

Hatukuwa na jawabu ya kumtosheleza, tukamruhusu ajaribu. Kutotoa vifaranga bila kuku si jambo geni. Tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyeishi Misri karne ya 12 ikimalizika, aliandika jinsi Wamisri walivyoyapasha mayai kwa joto la samadi.

Sisi tulichukua katoni, tukaitoboa matundu ya hewa, tukatia balbu ya wati 40, kipimajoto na kibakuli cha maji cha kuleta unyevu. Joto litakiwalo ni nyuzi 37.5 za Selsiasi, na kulituliza kulituchukua siku mbili kabla ya kuweka yai hata moja. (Stima ilikatika usiku mmoja, tukaifunika katoni kwa blanketi na kuizungushia chupa za maji ya moto. Mtakaojaribu, wekeni chupa hizo tayari.)

Mayai yalikuwa 12, ya kuku wa kienyeji. Sita yaliandikwa alama kwa penseli, yageuzwe mara tatu kwa siku. Hesabu ni ya witiri, ili usiku mrefu usilikute yai limelalia upande ule ule kila siku. Sita ya pili yasiguswe.

Usiku wa siku ya saba tulizima taa, tukayamulika kwa tochi. Mishipa myekundu ilitanda kama mizizi, na katikati doa jeusi likichezacheza. Hata katika yale yasiyogeuzwa, matano yalikuwa hai.

Mama yake alitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, umeshaona kuwa yana uhai. Utayaacha yafe kwa ajili ya daftari?"

"Mama, nikiyageuza sitajua."

Tulimwona kila mmoja ana hoja, tukanyamaza zaidi ya ilivyofaa. Asubuhi mama aliyageuza yote. Daftari likaandikwa: *Siku ya 7. Jaribio limeharibika. Mama amegeuza.*

Huruma hiyo, kwa bahati mbaya, ilichelewa. Kiinitete huelea juu ya kiini cha yai. Yai lisipogeuzwa huweza kugandamana na utando wa ndani ya ganda, na mishipa yake haitandi vyema. Siku ya tatu hadi ya saba ndizo zenye uzito mkubwa.

Siku ya 18 tuliacha kugeuza, tukaongeza maji. Siku ya 21 maganda yalianza kupasuka, na mdogo wake akataka kuyabandua. Tulimkataza: kifaranga huweza kupumzika hata siku nzima baada ya kutoboa, akimalizia kuvuta damu na kiini mwilini mwake.

Katika sita ya kwanza walitoka watano. Katika sita ya pili, wawili. Binti aliandika mwenyewe kwamba mayai 12 ni machache mno kutoa hukumu. Mstari huo ulitufurahisha kuliko vifaranga.

Sasa ameazima mizani ya jikoni ya jirani. Yai jema hupoteza kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake kufikia siku ya 18, kwa maji yapenyayo ganda, naye anataka kuyapima kila asubuhi. Safari hii yatageuzwa yote, na mama yake ndiye atakayesoma mizani.