Tulipokwenda Kwihara kwa Miguu

Akina mama wa Tabora tunatembea sana, ila hatuhesabu kuwa ni matembezi. Tunakwenda sokoni, kisimani, mashineni, kanisani, na jioni tukiulizwa tumeshindaje tunajibu kwamba hatukwenda popote. Ndiyo maana kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilipoamua, Oktoba ya mwaka jana, kutembea kutoka mjini hadi Kwihara na kupanda kilima cha mawe kilicho juu ya bonde, baadhi ya waume walicheka. Mmoja alimwuliza mkewe, "Mnakwenda kutafuta nini huko, kuni?"

Tulikuwa wanawake 19. Wawili kati yetu ni wauguzi, nasi ndio tuliopewa kazi ya kuandaa safari. Tuseme mapema kwamba kosa lililotokea lilikuwa letu, wala hatumtafuti mwingine wa kumtwika.

Kwihara iko kama kilometa 10 kutoka mjini. Wageni huenda kwa gari kuona tembe la Livingstone, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, ambayo imejengwa upya kwa mfano wa ile ya zamani na kufanywa makumbusho. Sisi tulitaka kwenda kama walivyokwenda watu wa misafara. Njia ile ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa kilometa zipatazo 1,200, na Unyanyembe, yaani Tabora na vitongoji vyake, ndiyo ilikuwa njia panda: huku Ujiji, huku Karagwe na Buganda. Wazungu Burton na Speke walifika Kazeh, kama mji ulivyoitwa wakati huo, Novemba 7, 1857, wakiwa wametembea siku 134 kutoka pwani. Stanley na Livingstone walifika Kwihara pamoja Februari 1872. Stanley aliondoka Machi 14, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti 25. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya mahali inapopendekeza patambuliwe na UNESCO, na Kwihara ni moja ya vituo sita vilivyotajwa.

Hayo tulifundishwa shuleni. Ambalo hatukufundishwa ni habari ya wanawake.

Tulipanga kuondoka saa 12 asubuhi, tukaondoka saa 2 kasoro. Kila mama alikuwa na sababu yake: chai ya watoto, mgonjwa wa jirani, sare ya shule isiyokauka. Tukasali kwa kifupi, tukashika njia. Oktoba ni mwezi mkali Tabora. Mvua bado, na jua halina huruma. Lakini miti ya miombo ilikuwa imeanza kuchipua majani mekundu, na miembe ya zamani, ambayo wenyeji husema ilitokana na misafara, ilikuwa imejaa maembe mabichi. Vyakula vyetu vilikuwa michembe, karanga na mihogo ya kuchemsha. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mboga mlangoni pake alitusalimu, "Mwangaluka," akatuuliza msiba uko wapi. Tulipomwambia tunakwenda kupanda kilima tu, alitutazama kwa muda, kisha akatuombea tufike salama.

Njiani tulisimuliana. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, na kwa vijana wa wakati ule safari ya pwani ilikuwa kipimo cha uanaume. Wapagazi wengi waliandamana na wake zao. Hao walibeba vyungu, mikeka na chakula, na wengine watoto mgongoni. Wakifika kambini mwanamume alitua mzigo akapumzika, mwanamke akaanza kutafuta maji na kuni. Mama mmoja kati yetu akasema, "Basi hakuna kilichobadilika." Tulicheka sana, tukasahau kunywa maji.

Katika kundi la Livingstone alikuwamo Halima, mpishi wake. Livingstone alimsifu katika shajara yake, akaandika kwamba atamnunulia nyumba na bustani Unguja. Alikuwamo pia Ntaoeka, ambaye hapo hapo Kwihara mwaka 1872 alitakiwa achague mume mmoja kati ya wanaume watatu wa msafara, akamchagua Chuma. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, Mei 1, 1873, watu wake waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaubeba hadi pwani. Farjallah, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyeufungua mwili. Sisi wauguzi hatuachi kumstaajabia. Oktoba ya mwaka ule walipita nao hapa Kwihara, wakashauriwa na Mwingereza Cameron wauzike hapa hapa, wakakataa. Halima na Ntaoeka walikuwa katika safari hiyo. Susi na Chuma walialikwa Uingereza mwaka 1874. Wanawake hawakualikwa.

Yuko na mama wa Kizungu, Annie Hore, aliyepita Unyamwezi kwenda Ujiji kati ya mwaka 1884 na 1885, amebebwa na wapagazi katika kiti pamoja na mtoto wake Jack. Aliandika kitabu kuhusu safari hiyo. Hatumwonei wivu; kusafiri na mtoto mdogo ni kazi hata ukibebwa. Ila wake za wapagazi waliotembea na watoto wao mgongoni hawakuandika kitabu, na majina yao hatuna.

Bondeni Kwihara tulipumzika penye tembe, kisha tukaanza kupanda. Mwanzo ni njia ya mbuzi kati ya vichaka, halafu mgongo wa kilima wenye majabali makubwa ambayo inabidi ushike kwa mikono. Ilikuwa saa 6 mchana. Tulikuwa tumebakiza kipande kidogo kufika kileleni mwenzetu mmoja alipokaa chini ghafla. Ni mama shupavu, mfanyabiashara wa minadani, na tangu asubuhi alikuwa mbele ya wote. Hatutamtaja jina. Alishika kisogo, akasema kichwa kinampasuka na anaona vimulimuli.

Kipimo cha presha tulikuwa nacho kwenye mkoba. Kilisoma 190 kwa 115.

"Dada, unatumia dawa?" tulimwuliza.

"Ninatumia. Nimeziacha tangu Jumatano."

"Kwa nini?"

"Zinanipeleka haja ndogo kila mara. Njiani hapa nitajisitiri wapi mbele ya watu?"

Kwa sababu hiyo hiyo hakuwa amekunywa maji. Tulipouliza kama mzee wa nyumbani anajua, alitazama pembeni. "Hajui hata kama ninaumwa. Akijua atanikataza minada, na ada za watoto ninalipa mimi."

Sisi tulikuwa tumehesabu vitabu vya nyimbo, tumehesabu vikombe na chupa za chai. Hatukumwuliza hata mama mmoja anatumia dawa gani. Wauguzi wawili, wenye vyeti.

Tulimwegemeza kivulini, tukamlegezea kanga, tukampa maji kidogo kidogo. Mama mmoja kwa upendo alitoa vidonge vyake mwenyewe vya presha akataka kumpa. Tulikataa. Dawa ya presha ya mtu mmoja si ya mwingine hata kama ugonjwa una jina moja, na kuishusha presha kwa ghafla kunaweza kumdhuru mgonjwa. Tulipiga simu mjini tukaomba gari. Wakati wa kungoja yeye ndiye aliyetuhimiza: "Nyinyi pandeni. Msirudi bure kwa ajili yangu." Tuligawanyika, muuguzi mmoja na akina mama sita wakabaki naye, wengine wakapanda.

Waliofika juu wanasema ni pazuri: misitu mpaka macho yanapoishia, na upande wa pili mji. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na ndiyo iliyoua kazi ya upagazi. Nyimbo tulizokuwa tumeandaa hazikuimbwa. Walikaa robo saa, wakashuka.

Hospitalini alilazwa siku mbili. Mumewe alikuja usiku ule ule akatuuliza kwa ukali kwa nini tumempeleka mgonjwa mlimani. Tulimwomba radhi, kwani alikuwa na haki. Kisha akamgeukia mkewe, sauti imeshuka: "Kumbe vile vidonge vya kwenye kopo la majani ya chai ni vyako? Mimi nilidhani ni vya mama." Alikuwa ameviona miezi mingi, hakuuliza; naye mkewe alikuwa anavificha mahali ambapo kila mtu nyumbani alifika. Walizungumza peke yao muda mrefu, na waliyozungumza ni yao. Tunachojua ni kwamba daktari alimbadilishia dawa, na minada hajaacha.

Juni mwaka huu tulikwenda tena. Safari hii tulichagua mwezi wa baridi, tukaondoka saa 12 kamili, na siku mbili kabla tulimpima kila mama faraghani, mmoja mmoja, tukamwuliza kuhusu dawa, mimba na sukari. Tulikuta wawili wenye presha ya kupanda ambao hawakuwahi kujua. Hao tuliwapeleka kwa daktari, wakabaki. Tulipanga pia mahali pa kujisitiri njiani, jambo ambalo mwanzoni tuliona aibu hata kulitaja kikaoni.

Mwenzetu alipanda hadi kileleni, polepole, chupa yake ya maji mkononi. Mumewe alimsindikiza hadi chini ya kilima, akabaki kivulini na baiskeli yake. Ni yule yule aliyecheka mwanzo. Mkewe aliposhuka, alimwuliza kama amezipata kuni.

"Nimezipata," akajibu. "Ziko juu. Nenda kazibebe."