Kufufua Pijo la zamani baada ya kustaafu: hati kwanza, spana baadaye

Nyuma ya nyumba nyingi mashambani kuna gari la zamani lililolala miaka na mikaka, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mara nyingi ni Peugeot 504. Kwa mtumishi wa umma anayestaafu akiwa na miaka 60, mikono ikiwa bado ina nguvu, gari kama hilo ni kishawishi kikubwa. Kulifufua ni kazi nzuri ya kumwamsha mtu asubuhi. Lakini wapo wanaoanzia kwenye rangi, kiinua mgongo kikaishia hapo, kisha gari lisiweze kuingia barabarani kwa sababu umiliki wake una utata.

Gari lenyewe si geni. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na liliendelea kuunganishwa Mombasa hata baada ya Wafaransa kuacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Wasafiri wa zamani watayakumbuka yale ya safu tatu za viti yaliyobeba abiria saba kati ya mji na mji, yakiyapita mabasi njiani. Kwa hivyo mafundi wa jua kali wanaolifahamu bado wapo, ingawa nao wanazeeka.

Kabla ya kulipa chochote, mnunuzi aangalie rekodi za gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, kisha alinganishe nambari ya chesisi iliyo kwenye hati na ile iliyogongwa kwenye chuma. Zikitofautiana, aondoke. Jambo linalowaponza wengi zaidi ni gari la marehemu. Mwana mmoja wa familia hawezi kuliuza kwa sababu tu limeegeshwa kwake. Sheria ya Urithi inataka kuwe na msimamizi wa mali aliyethibitishwa na mahakama, na kugusa mali ya marehemu bila idhini hiyo ni kosa. Makubaliano ya maandishi mbele ya wazee hayatoshi kuhamisha umiliki, hata yakiwa na sahihi kumi.

Hati zikiwa safi, jambo la pili ni kutu. Hapa ndipo pesa huliwa, kuliko hata kwenye injini. Fundi ainue mazulia, agonge sakafu kwa bisibisi, achungulie chini ya milango, sakafu ya buti, na pale shokamzoba za mbele zinaposhika bodi. Kutu ikiwa imefika hapo pa mwisho, kazi ni ya kukata na kuchomelea bati jipya. Kuziba kwa fila na kupuliza rangi juu yake ni kuficha tu.

Injini ina afadhali. Silinda za 504 ni slivu zinazochomoka, hivyo zikichakaa hubadilishwa pamoja na pistoni bila kuchonga bloku. Injini iliyolala muda mrefu isipigwe stata papo hapo. Petroli ya zamani imwagwe, tangi lisafishwe, mafuta ya injini yabadilishwe, na injini izungushwe kwanza kwa mkono. Kabureta na pointi hurekebishwa kwa vifaa vya kawaida; hakuna kompyuta ya kuunganisha.

Breki zote zifunguliwe na raba zake zibadilishwe, hata kama pedali inaonekana kushika. Tairi nazo zisihukumiwe kwa meno yake. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya miaka ishirini hupasuka ikiwa bado na meno mazuri.

Vitambaa vya breki za zamani huenda vina asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Visipulizwe kwa upepo wa kompresa. Vilowanishwe maji na kupanguswa, fundi akiwa amevaa barakoa inayofaa. Mafuta machafu yakusanywe kwenye mtungi na kupelekwa kwa gereji inayoyakabidhi kwa wachukuzi wenye leseni ya NEMA. Yakimwagwa mtaroni huishia mtoni, na kuna wanaoyanywa maji hayo.

Vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Mstaafu anaweza kuuliza katika chuo kilicho karibu naye kama wanafunzi wa umekanika au uchomeleaji wanaweza kufanyia mazoezi kwenye gari lake chini ya mwalimu wao. Yeye hupunguza gharama, nao hujifunza kabureta ambayo hawataiona kwenye magari ya kisasa.

Rangi ikibadilishwa, au injini nyingine ikiwekwa, mabadiliko hayo yasajiliwe NTSA kabla ya gari kutoka langoni, pamoja na kukata angalau bima ya mtu wa tatu.