P0700: Usikubali Giaboksi Ing'olewe Kabla ya Kuuliza

Juma hili nataka tuzungumze juu ya taa moja ndogo ya njano inayowatoa jasho wenye magari mijini. Ni ile yenye picha ya injini, iliyoko kwenye dashibodi.

Magari mengi ya barabara zetu yaliletwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na mengi ni ya gia za otomatiki. Siku taa hiyo ikiwaka, na gari likang'ang'ania gia moja bila kubadilika, mwenyewe hulikimbiza gereji. Fundi huchomeka mashine yake chini ya usukani, na kioo huandika P0700. Papo hapo hukumu hutolewa: "Mzee, giaboksi imekufa. Tutafute nyingine." Kwa dereva wa teksi, hukumu hiyo ni karo ya watoto na kodi ya nyumba.

Mimi nasema hukumu hiyo hutolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Tuisome namba yenyewe. Herufi P ni ya injini na mitambo inayosukuma magurudumu. Sifuri inaonyesha kwamba ni namba ya pamoja kwa watengenezaji wote. Saba ni upande wa giaboksi. Utaratibu huu ulifanywa kuwa lazima huko Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, kisha ukaenea duniani.

Sasa, katika magari mengi giaboksi ina kompyuta yake. Ikigundua kasoro, huiarifu kompyuta ya injini iwashe taa. P0700 ni taarifa hiyo tu. Ni sawa na mtoto aliyetumwa kubisha hodi kwa jirani na kusema, "Nyumbani kuna mgonjwa," asiseme ni nani wala anaumwa nini.

Jina la ugonjwa limo ndani ya kompyuta ya giaboksi, kwa namba nyingine. P0715, kwa mfano, huhusu sensa ya mwendo wa shafti inayoingia. P0750 huhusu soleneidi ya kubadilishia gia, yaani vali inayofunguliwa na umeme ili kupitisha oili. Mashine ya bei rahisi isomayo injini peke yake haizioni namba hizo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi ni hili: "Mashine yako inasoma na giaboksi?"

Pili, oili ikaguliwe kwa namna kitabu cha gari kinavyoelekeza. Je, inatosha? Imekuwa nyeusi na kunuka kuungua? Ni ya aina inayotakiwa? Giaboksi ya mkanda, ile ya CVT, ina oili yake. Ukiitilia ya otomatiki ya kawaida unaiharibu.

Tatu, betri ipimwe, maana umeme ukiwa hafifu kompyuta hulalamika ovyo. Nne, waya na plagi ziangaliwe kama zimekatika, zimeingia maji au zimeota kutu. Ndipo sensa na soleneidi zipimwe. Yote haya yakishindikana, na oili ikiwa imejaa unga wa chuma, hapo ndipo tuzungumze habari ya kufungua giaboksi.

Wapo wanaofuta namba, taa ikazimika, wakapokea fedha. Kufuta si kutengeneza. Kasoro ikiwapo, taa itarudi. Wala usiendelee kulitembeza gari lililong'ang'ania gia moja, kwani joto litaiunguza giaboksi iliyokuwa nzima. Likibidi kuvutwa, magurudumu yanayoendeshwa na injini yainuliwe.

Siwalaumu mafundi wote. Wapo waaminifu, nao hawakasiriki wakiulizwa. Anayekasirika kwa sababu umeuliza namba ya pili, chukua ufunguo wako utafute mwingine. Hadi juma lijalo, kwaherini.