KUCHAGUA LENZI YA KAMERA KUBWA

Mwaka juzi wanakisomo wa kijiji kimoja walihitimu, wakaniomba niwapige picha ya pamoja. Niliazima kamera kubwa ya mbao, ile inayosimama juu ya miguu mitatu, na mpigaji hujifunika kitambaa cheusi. Picha iliposafishwa, pembe zake zote nne zilikuwa nyeusi tititi. Mzee mmoja na mama mmoja waliosimama mwisho wa mstari wa nyuma hawakuonekana kabisa. Filamu haikuwa na kosa. Nilifunga lenzi isiyofaa.

Lenzi ni jicho la kamera. Kamera hii haitumii mkanda wa filamu. Hutumia vipande, kila picha na kipande chake. Kipande cha kawaida kina inchi 4 kwa 5. Ni kikubwa karibu mara 15 kuliko picha moja ya mkanda wa milimita 35. Ndiyo maana picha yake huonyesha hata mishono ya kofia. Lakini kipande kimoja ni ghali, kwa hiyo kukosea kunauma.

Je, lenzi inayofaa ni ipi? Lenzi hutupa mwanga ndani ya kamera kwa umbo la duara. Duara hilo lazima lifunike kipande chote mpaka pembeni. Kwa inchi 4 kwa 5 panatakiwa duara lenye upana wa sentimita 16 hivi. Lenzi ya kamera ndogo haiwezi. Basi ingia chini ya kitambaa, utazame kile kioo cha nyuma. Usishangae kuona watu kichwa chini miguu juu, ndivyo kilivyo. Sogeza jicho lako kwenye kila pembe. Mimi nilitazama nyuso za katikati tu, nikaridhika!

Jambo la pili ni namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi. Kwa kipande hiki, lenzi ya 150 huona kawaida. Ya 90 huona eneo pana, inafaa ndani ya chumba. Ya 300 huvuta vitu vya mbali, lakini mfuko wa mikunjo wa kamera yako ukiwa haufiki sentimita 30, usiinunue. Haitakuonyesha kitu sawasawa.

Wengine hununua lenzi tano, sita. Mzigo huo! Tuchukue mfano wa mpiga picha mashuhuri wa Marekani, Ansel Adams. Yeye alikuwa na lenzi moja ya Cooke ambayo vipande vyake viliweza kutenganishwa, ikawa kama lenzi tatu. Siku moja mwaka 1941 alikuwa safarini katika jimbo la New Mexico. Akafika karibu na kijiji cha Hernandez. Mwezi umechomoza, na jua la mwisho linaangaza misalaba ya makaburini. Alisimamisha gari, akafunga kipande kimoja cha lenzi yake, kile cha inchi 23, kwenye kamera ya inchi 8 kwa 10. Kipimo chake cha mwanga hakikuonekana. Akakisia kwa kukumbuka ung'avu wa mwezi, akapiga. Alipogeuza filamu ili apige ya pili, mwanga ulikuwa umekwisha toka kwenye misalaba. Picha hiyo moja imejulikana dunia nzima. Angekuwa bado anapekua sanduku akijiuliza lenzi gani, asingeipata.

Mimi sasa nimeipenda ya milimita 210. Duara lake ni kubwa, na mtu hulazimika kurudi nyuma kidogo, hivyo nyuso hazivutwi pua. Kabla ya kuinunua niliimulika kwa tochi kutafuta kuvu, maana sehemu za unyevu kuvu hula kioo. Kisha nilisikiliza kifuniko chake kwenye mwendo wa sekunde moja, kwani vya zamani hukwama hapo. Kwa lenzi hiyo nilirudi kijijini. Yule mzee alikataa kusimama mwisho wa mstari. Alikaa katikati, cheti mkononi.